Nirisiti LSAT au niombe na alama nilizonazo?

Kutoka: dada wa Brooklyn Park, Minnesota

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu poleni na kazi.

Majibu ya LSAT yangu ya kwanza, ule mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria hapa Marekani, yametoka Jumatano: 152. Kwenye mazoezi nyumbani nilikuwa napata 156, 157, na mara moja 158, ndiyo maana nililia. Nina shahada ya sosholojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, daraja la pili la juu. Hapa natunza wazee, zamu ya usiku, nina watoto wawili na kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu. Nataka kusoma sheria St. Paul au Minneapolis ili nisiwahamishe watoto.

Mume wangu anasema nirudie. Mama, kwa simu kutoka Morogoro, akauliza, "Kwani umefeli?" Nikakosa la kumjibu. Mnajua kwetu aliyerisiti kidato cha nne anavyotajwa mtaani. Nahofia chuo kikiona namba mbili kitasema huyu mara ya kwanza hakuweza. Halafu ada ya mtihani inazidi dola 200, na hela hiyo naipata kwa mgongo wangu. Niombe hivi hivi, au nirisiti?

Kutoka: kaka wa Columbus, Ohio

Marahaba, mdogo wangu, na pole.

Mwambie mama hukufeli, maana mtihani huu hauna kufeli. Alama zinaanzia 120 hadi 180, na kila chuo kinajua kinataka watu wa wapi kwenye ngazi hiyo. Hofu yako ya namba mbili naielewa kwa sababu niliibeba mwenyewe. Ni kweli vyuo vitaona majibu yako yote ya miaka mitano, hayafichiki. Lakini ABA, chama cha mawakili kinachovipa vyuo vya sheria ithibati, tangu 2006 kinavitaka viripoti alama ya juu kabisa ya kila mwanafunzi, si wastani kama zamani. Ukipata 157 kesho, hiyo 157 ndiyo itakayoingia kwenye takwimu za chuo. Huku kurisiti ni jambo la kawaida. Mimi nilikaa mara tatu.

Sasa kuna jambo wenzetu waliosoma hapa hawatakwambia, kwa kuwa haliwahusu. Shahada yako ya Dar haitageuzwa kuwa GPA, yaani ule wastani wa alama za chuo kwa kipimo cha hapa. LSAC, wenye mtihani, wataipeleka ikatathminiwe, na itarudi na maneno: bora, juu ya wastani, wastani. Chuo kitayasoma maneno hayo na hati yako ya matokeo, ila kwenye hesabu ya GPA ambayo vyuo vinashindania, wewe haumo. Namba yako ni moja tu, LSAT. Mwenzako wa hapa mwenye 152 anaweza kubebwa na GPA ya 3.9. Wewe huna wa kukubeba, kwa hiyo kila alama unayoongeza ina uzito kwako kuliko kwake.

Kabla hujalipia, lakini, nijibu kwa ukweli: hizo 157 ulizipataje? Ulikaa na saa, sehemu nne za dakika 35 mfululizo, na mapumziko ya dakika kumi tu katikati? Au sehemu moja baada ya zamu, nyingine Jumapili watoto wakiwa kanisani? Na karatasi zenyewe zilikuwa za lini? Tangu Agosti 2024 ile sehemu ya mafumbo ya kupanga watu na viti imeondolewa. Zinazohesabiwa sasa ni mbili za hoja na moja ya ufahamu, na ya nne ni ya majaribio usiyoijua ni ipi. Kama 158 yako imetoka kwenye karatasi yenye mafumbo, iweke kando, hiyo ni ya mtihani mwingine. Kwenye LawHub, tovuti ya mazoezi ya LSAC, kuna karatasi za mfumo mpya, baadhi ni bure.

Na kumbuka LSAC wenyewe huiwekea kila alama nafasi ya kukosea ya kama alama tatu juu na chini. Mazoezi ya kweli yakikupa 154, basi 152 haikuwa ajali. Hapo ndipo ulipo, na kurudia mwezi ujao ni kuwapelekea hela. Lakini yakikupa 157 mara nne mfululizo, siku ile kuna kitu kilikukwaza, na kurudia kuna maana.

Nakwambia hivi kwa sababu mara ya kwanza nilipata 149, mara ya pili 150. Katikati nilikuwa nimefanya karatasi ishirini hivi. Nilikuwa napiga pepa, nahesabu alama, nasikitika, napiga nyingine. Sikuwahi kukaa na kosa langu. Kilichonitoa ni daftari la kurasa 96 nililonunua dukani kwa Msomali. Kila swali nililokosa niliandika kwa Kiswahili kwa nini jibu lile bovu lilinivuta. Kwa Kiingereza nilikuwa nanakili tu maneno ya wenye kitabu, nikidhani nimeelewa. Kwa Kiswahili sikuwa na pa kujificha. "Wao wamesema baadhi, mimi nimesoma wote." "Wamesema jambo la pili limefuata la kwanza, mimi nikakubali limesababishwa nalo." Kosa lililonisumbua kuliko yote ni kuchanganya kilicho lazima na kinachotosha, mpaka nilipoliandika kwa jiko la mama yangu: bila mchele hakuna pilau, lakini mwenye mchele hajawa na pilau. Kila nilipokutana na sentensi ya namna hiyo niliuliza, huu ni mchele au ni pilau? Baada ya wiki kumi nikaona makosa yangu yote ni aina tano au sita, yanajirudia. Mara ya tatu nikapata 157.

Na zamu ya usiku! Ulilala saa ngapi kabla ya mtihani? Mimi mara ya pili nilitoka kazini saa moja asubuhi, nikakaa kwenye mtihani saa nne. Usifanye hivyo. Badilishana zamu na wenzako, angalau siku tatu ulale usiku kama binadamu wengine.

Kuhusu hela, una kadi ya kijani, kwa hiyo unaweza kuomba LSAC msamaha wa ada. Wanaangalia kipato na ukubwa wa familia, na hata ngazi ya chini ya msamaha inagharamia mtihani mmoja. Omba kabla ya kujiandikisha. Ila hela kubwa haiko kwenye ada ya mtihani. Kuanzia Julai 1, 2026, anayeanza kukopa serikali kuu kwa ajili ya sheria ana kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, na ule mkopo wa Grad PLUS uliokuwa unaziba pengo umefungwa kwa wakopaji wapya. Pengo litazibwa na ufadhili wa chuo, na ufadhili huo unafuata LSAT kwa karibu sana. Fungua tovuti ya kila chuo unachokitaka, tafuta taarifa ya ABA iitwayo 509. Humo utaona alama ya robo ya chini, ya katikati na ya robo ya juu ya walioanza masomo, na ni wangapi walipewa ufadhili halafu ukapunguzwa au ukafutwa. Hiyo ya kufutwa isome mara mbili, nakuomba.

Kutoka: mwenzenu wa Silver Spring, Maryland

Hamjambo nyote. Kaka amesema vizuri. Nyongeza yangu ni kwamba nafasi za kukaa mtihani zina kikomo: mara tano ndani ya hiyo miaka mitano, mara saba maishani, na alama uliyoifuta inahesabiwa pia. Safari hii lipia ile huduma ya kuona alama kwanza. Unapewa siku sita za kuamua uibakize au uifute. Pia kuanzia Agosti 2026 mtihani unarudi vituoni, nyumbani ni kwa wachache wenye sababu maalumu. Kwa mwenye watoto naona ni nafuu.

Na kwa mwanajamii mwingine anayesoma hapa akiwa tayari na LLB (shahada ya kwanza ya sheria) ya Nairobi, Dar au Makerere: usikimbilie LSAT. New York wana utaratibu wa kuwaruhusu waliosoma sheria nchi za nje wafanye mtihani wa uwakili, na wengi huingia kwa LLM (shahada ya uzamili ya sheria) ya mwaka mmoja, isiyodai LSAT. Waandikie bodi ya mtihani ya New York kwanza. Mimi nilijua hilo baada ya kupoteza mwaka.

Kutoka: dada wa Brooklyn Park, Minnesota

Kaka, dada, Mungu awabariki.

Nimefungua daftari langu jana usiku. Kati ya karatasi sita, tatu zina mafumbo, na mafumbo nilikuwa nayaweza sana. Mbili nilizifanya bila saa. Ile moja ya kweli ilinipa 154. Nimekaa nayo jikoni mpaka alfajiri.

Kwa hiyo sijiandikishi mwezi ujao. Nimeomba msamaha wa ada, nimepanga wiki kumi na mbili, na kila Jumamosi nitafanya karatasi nzima kwa saa. Nikifika 157 mara nne, narudia. Nisipofika kabla ya Novemba, nitaomba na 152 Mitchell Hamline, St. Paul, ambako mtu anaweza kusoma huku anafanya kazi, na sehemu kubwa ya masomo iko mtandaoni. Maombi ya kuchelewa hadi Februari, hela ikiwa imeshagawiwa, sitayataka.

Mama nimemweleza habari ya mchele na pilau. Amesema, "Sasa nimekuelewa, rudia."

Aliye karibu na Brooklyn Park anayejua maktaba yenye chumba cha kufungia mlango Jumamosi asubuhi, tafadhali aniambie. Nyumbani watoto hawatanipa dakika 35.