Naomba ushauri: kubadilisha kapasita na IC za sauti kwenye deki ya CD

Habari zenu wakuu. Nina deki ya zamani yenye chipu ya TDA1541A (ile inayogeuza data ya diski kuwa sauti), naipenda mno na siiuzi. Diski inasoma vizuri ila besi imelegea, na kapasita (vifaa vya kutunza chaji ya umeme) mbili kubwa za pawa (mikrofaradi 2200, volti 25) zimevimba kichwani. Lenzi nimesafisha, waya za RCA (za kupeleka sauti kwenye amplifaya) nimebadilisha, sauti ni ileile. Nataka kuweka kapasita mpya, na IC (chipu) za kukuza sauti, NE5532, nizing'oe niweke za aina ya OPA2134 kwenye soketi, maana miguu yote 8 inalingana.

Je, kapasita za volti 35 zitafaa, mradi zinaenea? Na OPA2134 itahitaji kapasita ndogo karibu na miguu ya umeme, wa 4 na wa 8, au zilizopo zinatosha? Aliyewahi kufanya kazi hii anisaidie tafadhali.