Tupeane uzoefu: kukatwa tumbo kwa ajili ya uzito, na nyumbani hawataki

Baraza la Langoni:
Asalaam aleikum jamaa wa Lamu, Malindi na visiwani kote. Mada imezuka jana barazani baada ya magharibi. Binti wa watu, kilo 118, sukari juu, magoti hayamchukui, ameamua kwenda kukatwa tumbo. Mama yake amesusa kula. Ami yake kasema tumbo si kanzu, halipunguzwi kwa fundi. Nyanya analia kwamba mjukuu atarudi kwenye jeneza. Tupeane uzoefu, ila zile za "mimi nilikuwa hivi, sasa niko hivi" tumezichoka. Humu mna wauguzi, wapishi, wafamasia na wasindikizaji wa wagonjwa. Leteni mnachokijua kwa mkono: vipimo, vyakula, kinachoharibika na kwa nini.

Zamu ya Usiku:
Kilo umetaja, urefu hukutaja. Bila urefu hatuna la kujadili. Tuseme ni mita 1.60. Zidisha 1.60 kwa 1.60 upate 2.56, kisha gawanya 118 kwa 2.56: BMI yake, yaani kipimo cha uzito kwa urefu, ni 46. Tangu 1991 kipimo cha kukubaliwa kukatwa kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama sukari na presha. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa fani hii vilishusha: 35 hata bila maradhi, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari. Kwa hivyo binti huyo hafuati urembo. Mama mtu aonyeshwe hesabu hiyo kwenye karatasi.

Sasa operesheni zenyewe. Slivu: tumbo linakatwa kwa urefu, asilimia 75 hadi 80 inatolewa nje kabisa, linabaki bomba jembamba kama ndizi. Halirudishwi. Mpasuaji hupitisha mpira mdomoni hadi tumboni, unene wa milimita 12 hivi, uwe kalibu yake. Kisha anakata na kubana kwa pini kando ya mpira huo, kasha la pini baada ya kasha. Nje utaona matundu manne au matano tu. Baipasi: kimfuko cha mililita 30 hivi kinatengwa juu, utumbo unaunganishwa nacho, chakula kinaruka tumbo lililobaki na mwanzo wa utumbo. Mwenye kiungulia kikali aulize baipasi, maana slivu huweza kukizidisha. Kabla ya yote ashushiwe kamera tumboni, na bakteria wa vidonda vya tumbo akipatikana atibiwe kwanza. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini apimwe pia. Huyo ndiye anayewatoa jasho watu wa nusukaputi.

Kijukuu wa Siyu:
Nilidhani wanaondoa mafuta. Kumbe mafuta hayaguswi?

Zamu ya Usiku:
Hayaguswi. Kinachoondoka ni nafasi, na ile sehemu ya juu ya tumbo inayotoa homoni nyingi ya njaa. Mafuta huyamaliza mwili wenyewe.

Mama Mofa:
Kuna kosa la nyumba nyingi kabla hata ya safari. Mtu akijulikana anakwenda kukatwa, anafanyiwa karamu ya kuagwa: biriani, halua, sambusa, kila shangazi na sinia lake. Ini la mtu mnene mara nyingi limejaa mafuta, na upande wake wa kushoto umelilalia tumbo. Wiki mbili za kula kidogo, wanga karibu hakuna, hulipunguza ini hilo mpaka linainulika. Lisiponywea, mpasuaji haoni anapokata, na pengine hufunga akamrudisha mgonjwa wodini kazi haijafanyika. Kwa chakula chetu ni samaki wa kuchoma au kuchemsha, mchicha bila tui, mayai, mtindi usio sukari. Wali, mahamri, boflo, mihogo na juisi havimo. Na anayetumia insulini au vidonge vya sukari asianze kabla daktari hajampunguzia dozi, atakuja kuanguka jikoni.

Jahazi Kuu:
Yote haya ya nini? Afunge Jumatatu na Alhamisi, apande ngazi za nyumba za Mkomani mara kumi kwa siku, awache soda. Kubadilisha umbile la Mungu si jambo la kuchezea.

Zamu ya Usiku:
Bwana Jahazi, mtu wa BMI 46 mwenye magoti mabovu unampandisha ngazi za Mkomani mara kumi. Nani atamteremsha?

Mwana wa Chuo:
Hilo la umbile lisitupwe hivi hivi. Swali la ami ni halali. Ila kukata kwa urembo ni jambo moja na kukata kwa maradhi ni jingine, na Mtume ametuamrisha tujitibu. Waende kwa sheikh wanayemwamini wakiwa na barua ya daktari inayotaja maradhi yenyewe. Wazee wetu hulegea mbele ya karatasi yenye muhuri.

Jahazi Kuu:
Muhuri? Hata hati za viwanja vya watu zina mihuri.

Mwana wa Chuo:
Hapo umenifunga.

Msindikizaji:
Nilinyamaza, ila hiyo ya jeneza imenitonesha. Kuna mama wa Pate, simtaji, wala hospitali siitaji. Slivu. Siku ya tatu karuhusiwa, siku ya tano kapanda basi: Nairobi, Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, Mokowe, kisha boti, kisha punda. Siku ya nane bega la kushoto likaanza kuuma. Nyumbani wakapasha mafuta ya nazi na karafuu, wakamkanda. Likatulia kidogo, kwa hivyo wakazidi kukanda. Usiku homa. Zahanati ikampima malaria, hakuna, ikampa sindano ya homa akarudi nyumbani. Hakuna aliyeshika kifundo cha mkono akahesabu mapigo. Aliyehesabu ni kijana wa boti aliyewahi kufunzwa huduma ya kwanza, alfajiri: 128 kwa dakika, na mgonjwa amelala chali hajainuka hata kwenda msalani.

Tumbo lilikuwa laini. Hilo ndilo lililowadanganya wote. Kwenye mwili mnene ugumu wa tumbo haujitokezi upesi. Mshono ulikuwa umeachia juu kabisa, karibu na koo la chakula linapoingilia tumboni, na ndiko slivu hupenda kuvujia. Uchafu ukikusanyika chini ya kiwambo cha pumzi, mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho hupeleka maumivu begani. Mafuta ya karafuu hayafiki huko. Wakamtia botini maji yamekupwa. Mnajua mfereji wa Mkanda, maji yakikupwa hapapitiki. Wakangoja juani zaidi ya saa mbili, amefunikwa kanga iliyoloweshwa, midomo imekauka mpaka imepasuka. Alipofika alikoweza kupigwa siti skani likaonekana jipu. Akawekewa mrija wa kutolea usaha, mrija mwingine wa kulishia ukashushwa kupita pale panapovuja, na dawa za mshipa. Wodini alikaa wiki sita. Yu hai.

Kijukuu wa Siyu:
Yaarabi!

Dafu Tamu:
Hao wa boti walimtoza ngapi kwa kungoja?

Pwani Kavu:
Mnatisha watu bure. Kila aliyetobolewa tumbo bega humuuma. Ni gesi, inajulikana.

Msindikizaji:
"Ni gesi" ndilo neno walilomwambia na yeye.

Zamu ya Usiku:
Mna haki nyote wawili, na ndipo watu wanapopotea. Tumbo hujazwa kaboni dioksidi ili kamera ione, na mabaki yake huumiza bega siku mbili tatu za mwanzo, kila siku nafuu kuliko jana, hasa akitembea. Bega linaloanza upya siku ya sita, ya nane, hata wiki ya pili, si gesi. Na bega au si bega, mapigo yakizidi 120 mtu akiwa amepumzika, au homa, au kuhema, ni kurudi hospitali saa hiyo hiyo. Miongoni mwa mia waliofanyiwa slivu, huvuja mmoja hadi watatu. Wachache, lakini aliye kisiwani hana nafasi ya kulala nalo mpaka asubuhi.

Kwa hivyo mtu wa Lamu asirudi siku ya tano. Apangiwe kwa ndugu mji ule ule aliokatwa, siku 10 hadi 14. Safari ndefu ina balaa la pili: damu kuganda miguuni kisha kupanda mapafuni. Ndiyo maana hutembezwa siku ile ile ya operesheni na kuchomwa sindano za kuzuia damu kuganda. Basi likisimama, ashuke atembee. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, asikandwe.

Dafu Tamu:
Kukanda kwenyewe basi tuache nchi nzima.

Mama Mofa:
Turudi jikoni kabla boti halijatuzamisha. Siku 14 za mwanzo baada ya kukatwa ni vya kunywa tu: supu ya samaki iliyochujwa, maziwa, uji mwepesi wa kunyweka. Mililita 30 kila dakika 15, kikombe cha kahawa nusu. Saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku inafika kama lita 1.7. Akigida glasi nzima atatapika. Wiki ya 3 na ya 4 vya kupondwa: changu aliyetolewa miiba yote, yai laini, mbaazi zilizochujwa maganda. Wiki ya 5 na 6 vyororo vya kutafuna. Bokoboko mtaiona inafaa, ila ina ngano na samli nyingi, kwa hivyo nyama izidishwe na samli iachwe. Pweza bado sana. Na vinavyokwama kuliko vyote ni vile tunavyoviona vyepesi, boflo na wali: mkate unafanya donge, wali unavimba.

Kazi kubwa iko kwenye sinia. Watu sita wakizunguka sinia hakuna ajuaye nani kala nini, na nyanya kazi yake kusukuma minofu upande wa mjukuu. Mpeni kisahani chake mwenyewe. Aanze na samaki, tonge lishuke ndipo la pili, dakika 20 au zaidi. Maji angoje nusu saa baada ya kula. Akishafika chakula cha kutafuna, protini gramu 60 kwa siku: mayai mawili ni 12, maziwa nusu lita 16, samaki gramu 100 kama 22, glasi ya mtindi 8, mbaazi zimalizie.

Duka la Dawa, Malindi:
Vitamini ni za maisha, si za wiki mbili. B12 mikrogramu 350 hadi 1000 kila siku, au sindano ya 1000 kila mwezi. Chuma kwa mwanamke aonaye siku zake, miligramu 45 hadi 60. Kalsiamu siteti miligramu 1200 hadi 1500, imegwe, isizidi 500 au 600 kwa mara moja, na iachane na chuma kwa saa mbili. Chai nayo huzuia chuma. Kwa baipasi, ibuprofeni na diklofenaki ni sumu: hutia kidonda pale kwenye kiungio. Ndizo hizo hizo mtu hupewa dukani akitaja mgongo tu, basi aseme mapema kwamba amekatwa. Sigara vilevile. Anayetapika wiki mbili mfululizo apewe thiamini, yaani vitamini B1, kabla ya dripu ya glukosi, la sivyo huanza kuona vitu viwili viwili na kupepesuka, watu wakasema kapagawa. Nywele hudondoka kuanzia mwezi wa 3 hivi na hurudi. Mimba ingoje miezi 12 hadi 18, na kwa baipasi vidonge vya kupanga uzazi visitegemewe.

Dafu Tamu:
Si kuna sindano za kupunguza uzito siku hizi? Za nini visu?

Duka la Dawa, Malindi:
Zipo. Semaglutidi ya miligramu 2.4 kwa wiki, kwenye majaribio ilipunguza kama asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68. Slivu hukaribia 25, baipasi 30. Ukiacha sindano, uzito mwingi hurudi. Na kabla ya kufunguliwa inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Wewe na umeme wa kwenu mnajuana.

Mwana wa Chuo:
Na Ramadhani?

Zamu ya Usiku:
Wapasuaji wengi humkataza mwaka wa kwanza. Piga hesabu: baina ya futari na daku ukiondoa usingizi na tarawehe zimebaki saa tano, kwa mililita 30 kila robo saa ni 600. Haitoshi. Mgonjwa ana ruhusa yake, atalipa. Na wa baipasi akifuturu kwa kaimati na tambi za sukari, nusu saa haiishi: jasho, moyo mbio, tumbo kuendesha, lazima ajinyooshe.

Jahazi Kuu:
Kaimati zake nitazila mimi.

Kijukuu wa Siyu:
Kisha tukupime BMI.

Msindikizaji:
Bei iulizwe kwa maandishi. Makasha ya pini mangapi yamehesabiwa, maana slivu moja hula matano au sita? Kitanda cha mahututi kimo? Na ikivuja, nani analipa operesheni ya pili?

Baraza la Langoni:
Mama mtu amesomewa yote mpaka hapa. Hajasema ndiyo. Ameuliza kikombe cha kahawa ni mililita ngapi.

Mama Mofa:
Vikombe havilingani. Achukue bomba la sindano la mililita 10, ajaze maji mpaka ukingoni, ahesabu mabomba.

Baraza la Langoni:
Chake kimeingia mabomba saba. Ametia alama kwa rangi ya kucha, chini kidogo ya nusu.