Konveta ya 24V kwenda 12V kwenye daladala inaunguza mosfeti, naombeni msaada

Kijana wa Tandika: Wakuu habari za jioni. Mjomba ana Coaster inapiga Gongo la Mboto, umeme wake 24V ila redio ni ya 12V, zamani alikuwa anachukua umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili, matokeo yake hiyo moja inakufa mapema kila mara. Nikamwambia namtengenezea konveta. Nimetumia Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta), mosfeti (swichi ya kielektroniki), dayodi na koili ya mikrohenri 100, volti inasomwa halafu PID (hesabu ya kusahihisha kosa la volti) inapandisha au kushusha dyuti (asilimia ya muda mosfeti inapitisha umeme). Shida besi ikidunda volti inaanguka mpaka 9, ikikata inaruka 15, koili inalia na mosfeti mbili zishaungua. Nibadilishe namba za PID au nihamie kudhibiti mkondo? Naogopa kumuulia redio yake.

Fundi Koili: Dogo, PWM (mipigo ya kuwasha na kuzima mosfeti) umetoa na analogWrite ya kawaida ya Arduino?

Kijana wa Tandika: Ndio bro, pini 9.

Fundi Koili: Basi PID hata usiiguse kwanza. Pini hiyo inatoa hertz 490, yaani mosfeti inapitisha umeme kama milisekunde 1 nzima, volti 12 juu ya koili ya mikrohenri 100 kwa muda huo ni ampea 120! Koili inashiba zamani sana kabla ya hapo, inabaki waya tu, mosfeti lazima iungue. Weka Timer1 (kipima muda cha Arduino kinachoendesha pini 9) kilohertz 62.5, mkondo utapanda na kushuka kama ampea 1 tu. Na geti (mguu wa mosfeti unaoiwasha) iwe na drayva yake (saketi ya kuisukuma), usiibebeshe pini ya Arduino.

Dada Umeme: Nakazia, na hiyo volti 15 inatoka kwenye I ya PID yako, sehemu inayojumlisha makosa yaliyopita. Besi ikidunda dyuti inafika mwisho ila I inaendelea kujilimbikiza, besi ikikata lile limbikizo lote linamwagika kwenye redio. Izuie isijumlishe dyuti ikishafika mwisho. D (sehemu inayofuata kasi ya mabadiliko) itoe kabisa, inakuza kelele za swichi tu. Kudhibiti mkondo ni kuzuri mdogo wangu maana kila mzunguko wa swichi una kikomo chake cha mkondo, ila 24 kwenda 12 dyuti inacheza kwenye asilimia 50, ikivuka hapo bila kuongeza mteremko wa fidia (ishara inayopanda, inayojumlishwa kwenye kipimo cha mkondo) inaanza kuyumba, mpigo mrefu mpigo mfupi. Ukienda Kariakoo kutafuta IC (chipu) ya kudhibiti mkondo usichukue UC3845, ile dyuti yake inaishia asilimia 50, chukua UC3843.

Kijana wa Tandika: Nimeweka kilohertz 62.5 na I nimeifunga, koili imenyamaza, besi ikidunda inashuka 11.4 inarudi, 15 sijaiona tena. Mosfeti inapata joto kidogo, kesho naweka drayva. Asanteni sana.

Fundi Koili: Ijaribu na taa za 12V kwanza kabla ya redio.