Tupeane uzoefu: siku huduma za mkoba za uzazi wa mpango zilipofika kwenu

Mwanavisiwa: Jana niliona gari la huduma za mkoba, zile ambazo timu ya afya huzileta hadi kijijini, likiingia kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe, nikamkumbuka mama yangu mdogo, aliyepanga foleni chini ya mwembe tangu alfajiri, na zamu yake ilipofika akaambiwa vijiti vya kuzuia mimba, vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono, vimekwisha, akarudi na vidonge ambavyo hakuvitaka. Mwaka uliofuata alijifungua mtoto wa saba. Ninyi wenzangu mlikutana na nini?

Mama Pacha: Kwetu ni hivyo hivyo. Sindano hupatikana, kijiti ni bahati.

Dada wa Nansio: Mdogo wangu ni kiziwi tangu utotoni. Alipojifungua mtoto wake wa pili, timu ya mkoba ilikuja shuleni kwetu, tukamsindikiza mimi na mama. Muuguzi hakumtazama hata mara moja, alizungumza na mama, naye mama akasema, "Mwekeeni, huyu hawezi kulea wengine." Mimi nikanyamaza. Mdogo wangu alinyoosha mkono akidhani anachanjwa, kwa kuwa wiki ile ile watoto walikuwa wamechanjwa pale pale. Baada ya mwaka mmoja aliolewa na kijana wanayependana, wakatafuta mtoto wasipate, hedhi ikavurugika, akanyweshwa mitishamba ya kila aina, hadi usiku mmoja mumewe alipopapasa mkono wake akagusa kitu kigumu chini ya ngozi. Alimrudisha nyumbani akidai ameficha jambo. Mdogo wangu alinionyesha mkono wake, akanitazama, nami nikajua anakumbuka kwamba siku ile nilikuwepo. Zahanati ilitujibu kuwa mtaalamu wa kutoa hayupo. Tulivuka maji hadi Mwanza ndipo kikatolewa.

Mama Pacha: Nimesoma nikilia. Pole sana, dada.

Mzee wa Kisiwani: Pole, binti yangu. Hata hivyo mama yenu asihukumiwe haraka, kwa maana yeye ndiye aliyekuwa akiwalea wajukuu wale wawili.

Mama Pacha: Shikamoo mzee, lakini uchovu wa mama haumpi ruhusa ya kuamua juu ya mwili wa mtu mzima ambaye hata hakuelezwa anawekewa nini.

Mzee wa Kisiwani: Sikusema ana ruhusa. Nilisema hakuwa na msaada.

Bibi Mkunga: Wote wawili mna hoja, ila kosa kubwa lilikuwa letu sisi watoa huduma. Ushauri hutangulia njia, na anayeshauriwa ni mteja mwenyewe, kwa picha, kwa alama au kwa mkalimani anayemwamini. Kijiti kimoja hukaa miaka 3, vile viwili miaka 5, kitanzi cha shaba kinachowekwa ndani ya mji wa mimba miaka 10 na zaidi, na vyote hutolewa siku yoyote mteja atakapotaka. Ninajuta kwamba mikoba yetu ilijaa vifaa vya kuwekea, lakini vya kutolea vilikuwa vichache. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa ni asilimia 32, na ule wa 2022 ukakuta 31. Kwa maoni yangu, mwanamke aliyehangaika kutolewa kijiti huwakatisha tamaa majirani wengi.

Baba Wawili: Mimi ni mvuvi wa dagaa na sijawahi kualikwa. Waje wakati wa mbalamwezi, tunapopumzisha mitumbwi, watukute na wake zetu. Mume aliyeelezwa mapema hashtuki akigusa kijiti.

Binti wa Sengerema: Kaka, si waume wote ni kama wewe. Mimi nilimweleza wangu, akaichana kadi yangu ya kliniki. Sasa ninachoma sindano kila baada ya miezi mitatu, na kadi inakaa kwa wifi.

Mzee wa Kisiwani: Sindano huleta ugumba.

Bibi Mkunga: Hapana, mzee wangu. Uzazi huchelewa kurudi, pengine miezi kadhaa au hata karibu mwaka, lakini hurudi.

Dada wa Nansio: Asanteni. Mume wa mdogo wangu alimfuata, na sasa wana mtoto wa miezi minne. Timu ya mkoba inarudi mwezi ujao. Ninamtafuta mtu anayejua lugha ya alama atakayekubali kukaa nasi kwenye foleni, kwa sababu safari hii mdogo wangu anataka kuuliza mwenyewe.