Shule za vipaji maalumu: kipaji cha mtoto au pochi ya baba?

Wakuu, hili jambo limenikaa kooni tangu majina ya kidato cha kwanza yatoke. Leo nalitapika.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati darasa la saba, shule ya serikali. Darasa langu lina watoto 127, dawati moja wanakaa wanne, wa pembeni tako moja liko nje. Nilikuwa na binti mmoja, mama yake anauza mihogo ya kukaanga stendi. Siku moja nimekosea alama ya kutoa ubaoni, nikajaza ubao mzima kwa kujiamini. Nilipopita kwenye dawati lake akaninong'oneza, "Mwalimu, mstari wa pili." Hakutaka wenzake wasikie. Nikajisemea huyu ni Kilakala au Msalato, shule za wasichana za vipaji maalumu (zile za bweni za serikali zinazochukua wenye alama za juu), hakuna kwingine.

Kapangiwa shule ya kata. Kilomita saba kwa mguu, au mama apange geto karibu na shule, na mnajua mabinti wanayokutana nayo kwenye mageto.

Kijana wa jirani yangu, wa shule binafsi ya English medium, kaenda vipaji maalumu. Huyo namjua, nilikuwa namfundisha tuisheni Jumamosi (ndiyo, nami nina njaa, msinihukumu). Mtoto msikivu, hana kosa. Ila kambi tangu Machi, jaribio kila wiki, darasani wako 30, na Kiingereza amekisoma tangu chekechea. Yeye na binti wangu wote wana A ya Hisabati. Binti kaangushwa na C ya Kiingereza, somo ambalo kwetu mwaka mzima halikuwa na mwalimu.

Kinachoniudhi zaidi ni hesabu ya pesa. Baba kalipa mamilioni miaka saba, sasa anapumzika: sekondari ya serikali haina ada tangu 2016, na chakula cha bweni anagharamia serikali. Kwangu ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na humo sehemu inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Nikiomba wazazi mia tano ya karatasi za moko (mtihani wa majaribio), naitwa ofisini kuelezwa michango imekatazwa.

Mtaniambia Nyerere alitoka kijijini akasoma Tabora. Alikuwa mtoto wa chifu, na shule ile Waingereza waliifungua wakilenga watoto wa machifu. Machifu tumewaondoa, viti vyao tumempa nani?

Zamani angalau tulikuwa tunaona orodha ya shule kumi bora kwenye mtihani imejaa shule binafsi. NECTA, baraza la mitihani, wakaacha kuitangaza. Sawa, taa imezimwa, panya wako palepale.

Sisemi watoto wa shule binafsi wafungiwe mlango, wazazi wao nao wanalipa kodi. Nasema mtoto apimwe na waliokaa naye dawati moja. Anayeongoza watoto 127 wasio na vitabu apewe nafasi yake kabla hamjamlinganisha na wa kambi.

Wale wa "wenzenu wanajituma" najua mko njiani. Mkija, njooni na jibu la hili: ni nani humu mwenye mtoto aliyetoka shule ya msingi ya kata yake, bila tuisheni, akachaguliwa Ilboru, Kibaha au Mzumbe miaka hii mitatu?