Gesi ya AC inavuja: povu la sabuni, rangi ya UV, kifaa cha kunusa au naitrojeni?

TeksiKiembeSamaki
Assalaam alaykum. Nina Noah ya kazi, Uwanja wa Ndege hadi Nungwi na kurudi. Ikijazwa gesi inapiga baridi vizuri, wiki chache baadae ni upepo wa moto na wageni wanafungua vioo. Fundi mmoja kasema kompresa imekufa, ninunue nyengine. Wa pili anataka kutia rangi ya UV. Wa tatu ana kile kifaa kinacholia kikinusa gesi. Kila mmoja na bei yake. Nianze na kipi?

BaridiMkwerekwe
Waalaykum salaam. Kompresa iache. Ikiwa inapiga baridi kila ukijaza, haijafa. Mfumo wa AC umefungwa, gesi yake haitumiki ikaisha. Imepungua ndani ya wiki, basi pana pahala inatokea.

Macho kwanza, hayana bei. Mafuta ya kompresa yanatembea pamoja na gesi, kwa hiyo panapovuja huwa na utelezi na vumbi limegandia. Angalia maungio, kondensa (rejeta ya AC) nyuma ya bampa, na upande wa ndani wa boneti palipoelekeana na puli ya kompresa: ukiona mstari wa mafuta yaliyorushwa, shuku sili ya shafti. Halafu fungua vifuniko vya nozo, pale panapojaziwa gesi, utie tone la povu. Mle ndani mna vali ndogo, na ikilegea inapuliza kidogo kidogo. Kuibadilisha ni kazi ndogo, ila iwe ya AC, si ya tairi.

Usipoona kitu, mimi ningekwenda kwa huyo mwenye kifaa. Kinakamata tundu ambalo povu halilioni. Lakini asipimie nje kwenye upepo wa kusi, na ncha aipitishe chini ya ungio, maana gesi ya AC, R134a, ni nzito kuliko hewa. Akikimbiza mkono, ujue anakuonesha tu kuwa anacho.

DerevaPaje
Mimi ni mtu wa rangi. Kifaa kinalia hata kwa mvuke wa petroli, unabaki unabahatisha. Rangi ukishaiona imetoka kijanikijani hapana mjadala. Unatembea siku kadhaa, usiku unavaa ile miwani ya manjano unamulika.

BaridiMkwerekwe
Sikatai, kwa mvujo wa polepole rangi haina mpinzani. Kasoro yake ni kungoja, na gari ya kazi haingoji. Tena evaporeta, ile inayopoza upepo, imo ndani ya dashibodi, hata ukimulika huioni. Pale labda uikute rangi kwenye maji ya bomba la kutolea. Mwenye kifaa anazima gari, anaacha itulie, anatia ncha kwenye bomba hilohilo. Awe mwangalifu tu kisinyonye maji.

MiyeWaChake
Yakhe, huku Pemba si kila gereji ina mavitu hayo. Fundi wetu anavuta vakyumu, yaani anatoa hewa yote kwa pampu, sindano ya geji ikisimama nusu saa anasema gari nzima. Inatosha?

BaridiMkwerekwe
Haitoshi, shehe. Vakyumu ni ya kutoa hewa na unyevu. Inapimwa kwa mgandamizo wa hewa ya nje tu, kiasi cha psi 14.7, wakati upande wa mgandamizo wa juu gari ikiwaka kwenye joto letu unapita psi 200. Pia oringi (pete ya mpira ya kwenye ungio) iliyochoka inaweza kunyonywa ikakaa vizuri, ukitia gesi ikaachia. Mfumo ukiwa mtupu, tia naitrojeni kavu kwa regyuleta, kiasi cha psi 150, kisha upake povu zito. Kwa Pemba hiyo ndiyo ningeichagua: mtungi, regyuleta na sabuni.

Oksijeni ya wachomeleaji usiikaribishe kabisa, ikikutana na mafuta inalipuka. Na wala msikubali gesi ya kupikia badala ya R134a. Baridi inatoa, lakini mnakaa na kitu kinachoshika moto.

BiMazizini
Na ile dawa ya kuziba ya kopo? Kaka yangu kaambiwa anatia tu na mambo yanakwisha.

BaridiMkwerekwe
Mwambie aiache, dada. Inaweza kuganda ikaziba vali ya kupanulia, lile tundu jembamba inamopita gesi, na mafundi wenye mashine za kuvutia gesi wanaikataa gari hiyo.

TeksiKiembeSamaki
Nimerudi. Ni lile bomba la alumini linalokwenda AC ya nyuma, limelika chini ya bodi, pale kwenye kibano, mchanga na chumvi vimejaa. Kifaa kililia, povu likathibitisha. Sasa: kuchomelea, kubadilisha, au kuifunga ya nyuma kabisa?

DerevaPaje
Kuchomelea usijaribu ikiwa limeshakuwa jembamba, litatoboka pembeni. Mimi nilikata kipande kibovu nikatiwa hosi ya AC iliyobanwa kwa mashine.

BaridiMkwerekwe
Hosi ndiyo sawa, iwe ya R134a, na kibano kivikwe mpira. Kufunga ya nyuma ni rahisi, lakini wageni wa siti ya mwisho watakulalamikia hadi Nungwi. Badilisha oringi za hapo, tia draya (kikopo kinachonyonya unyevu) mpya kama mfumo ulikaa wazi, rejesha mafuta yaliyopotea, vuta vakyumu.

Gesi ipimwe kwa mizani kufuata gramu za lebo ya kwenye boneti. Asikujazie kwa geji gari ikiwa imezimwa: kwenye nyuzi 30 R134a inasoma karibu psi 97, iwe imejaa au imebaki nusu. Na ukiamua kuifunga ya nyuma, zile gramu za lebo hazikuhusu tena, zitakuwa nyingi mno.

TeksiKiembeSamaki
Naweka hosi. Nakwenda Darajani kutafuta oringi.