Tarakimu 20 za LUKU: tuziondoe, au tunataka kutupa kitu bora tulichonacho?

MLETA MADA (Mbeya mjini)

Wadau, salaam. Kila zinapotajwa mita janja, zile ambazo ukilipa kwa simu uniti zinaingia zenyewe bila kubonyeza kitu, karibu kila mtu anashangilia. Hata vijiweni kwetu watu wa kompyuta hapa Mbeya maneno ni yaleyale: tarakimu 20 unazopewa ukilipia umeme wa LUKU (umeme wa kulipia kabla) na kuzibonyeza kwenye mita, yaani tokeni, ni mambo ya kizamani, ziondoke. Mimi natengeneza programu, kutwa nawaza mtu atakitumiaje kitu, na nimekuja kupinga. Tokeni ya LUKU ndiyo kazi ya kompyuta iliyosanifiwa vizuri kuliko zote zilizomo majumbani mwetu.

Tuanze na inavyofanya kazi, maana wengi tunabonyeza tu. Mita yako haina laini ya simu wala intaneti, na haijui kama umelipa. Ukinunua umeme, kompyuta ya upande wa muuzaji inachukua kiasi cha uniti, inaongeza alama ya muda na namba ya kuhakiki, halafu inavifunga vyote kwa ufunguo wa siri wa mita yako peke yake. Jumla yake ni biti 66 (biti ni sifuri au moja, ndivyo kompyuta inavyoandika), na biti 66 ukiziandika kwa namba za kawaida zinaenea kwenye tarakimu 20. Mita ikipokea inafungua kwa ufunguo wake, inahakiki, inatazama kama alama ile ya muda imeshatumika, ndipo inaweka uniti. Ukiirudia inakataa. Jirani akiiingiza kwake haimsaidii.

Kwa hiyo tokeni inapita njia yoyote inayoweza kubeba namba. Mtoto yuko Dar, mama yuko Makete ana kitochi: anamnunulia, anatuma meseji. Meseji ikigoma anapiga simu anamsomea, mama anaandika nyuma ya daftari la mjukuu. Huko anakokaa mtandao ukikosekana kabisa, unanunua ukiwa Uyole, unapanda gari unakwenda nayo mfukoni. Niambieni ni app gani tuliyotengeneza sisi hapa mjini inayoweza kufika Makete ikiwa kwenye karatasi.

Halafu kumbukeni 2024. Mfumo huu, unaoitwa STS, ulizaliwa Afrika Kusini, na alama yake ya muda inahesabu dakika tangu mwanzo wa 1993. Waliitengea biti 24, yaani dakika 16,777,216, na dakika hizo zilikuwa zinaisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita ambayo haijaboreshwa ingeziona tokeni mpya kama za zamani na kuzikataa, hapa kwetu na kila nchi inayotumia mfumo huo. Ndiyo maana mwaka ule ulinunua umeme ukapewa mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kwanza yalikuwa yanabadilisha ufunguo wa mita, la tatu ndilo uniti zako. Watu walilalamika sana. Mimi niliona jambo kubwa mno. Mita zilifanyiwa maboresho bila fundi kupita nyumba kwa nyumba, bila mtandao, kwa vidole vya wenye nyumba wenyewe. Nani kati yetu ana programu ya 1993 anayoweza kuiboresha hivyo?

Na Mei 2021 mfumo wa manunuzi ulipokwama siku kadhaa, watu wakajaa foleni kutafuta umeme, aliyekuwa na uniti aliendelea kuwasha taa kama kawaida. Mita yake haikuwa inamuomba mtu ruhusa.

Nalisema hili pia kwa ajili ya kazi zetu. Nenda Mwanjelwa uangalie maduka yaliyouziwa programu za mauzo. Mtandao ukiyumba kidogo, muuzaji anabaki anatazama kiduara kinazunguka, mteja kanyoosha noti, mwisho anafungua daftari. Tunaandika programu ambayo haiwezi kuandika kwamba sukari kilo mbili imeuzwa mpaka iulize kompyuta iliyoko ng'ambo, wakati SQLite, programu ndogo ya kuhifadhi data, imo ndani ya kila simu ya Android, data yote inakaa kwenye faili moja, bure. Andika kwanza kwenye simu, tuma mtandao ukirudi. Vijana wanabishana watumie zana gani ya kutengenezea app, Flutter au React Native, usiku kucha, na swali la mtandao ukikata itakuwaje hakuna anayeliuliza.

Msimamo wangu: mita janja zije, lakini tokeni isiondolewe. Naomba kuwasilisha.

MCHANGIAJI 1 (Tukuyu)

Kaka, umeandika vizuri ila umeandika kama fundi. Mimi nakaa na mama mzazi, macho hayaoni vizuri. Rimoti ya LUKU kwetu, kile kifaa cha kubonyezea tarakimu, ina kioo kidogo, tarakimu zikifika katikati za mwanzo zinasogea huwezi tena kuziona. Vitufe vya 5 na 8 vimefutika. Akikosea moja, inamwandikia neno la Kizungu kisha inafuta zote, aanze upya. Ule mwaka wa mafungu matatu aliacha kabisa, tukakaa gizani mpaka niliporudi kutoka shambani jioni. Wewe unasifia biti 66, mama yangu anazihesabu kwa kidole kimoja. Mita ikijazwa yenyewe, mtu wa kwanza kupona ni yeye. Mtandao wa huku unavyosumbua mvua ikinyesha naujua kuliko wewe, na bado nasema tarakimu ziondoke.

MLETA MADA

Dada, nakubaliana nawe kuhusu rimoti, na nisingependa hata neno moja la hayo ulipunguze. Ila tutenganishe vitu viwili. Tokeni ni kitu kimoja, kile kifaa cha kuiingizia ni kingine, na kifaa ndicho kibovu. Mita haiwezi kumwambia mama kakosea tarakimu ya ngapi, kwa sababu zote zimefungwa pamoja. Ukibadilisha moja tu, fungu zima linakuwa takataka. Hapo hakuna cha kufanya. Lakini kufuta zote ni uamuzi wa aliyetengeneza rimoti, hakuna hesabu inayomlazimisha. Angeziacha, akaweka kitufe cha kurudi nyuma, akazionesha nne nne kwa mistari mitano, na jibu likaja kwa Kiswahili: "Namba si sahihi, kagua tena." Kioo kikubwa zaidi na vitufe vya kuchongwa visivyofutika si teknolojia ya ajabu. Simu nayo ingeweza kuipa rimoti tokeni kwa Bluetooth kwa mwenye simu janja, na vitufe vikabaki kwa asiye nayo. Hilo ndilo ningependa tulidai kwa sauti moja.

MCHANGIAJI 2 (Makambako, fundi umeme)

Mkuu mleta mada, unapigana na mita ambayo haipo. Mita janja nzuri haiulizi mtandao kila dakika. Uniti zikishaingia zinakaa ndani yake, mtandao ukikata taa zinaendelea. Tena nyingine haziongei na mnara wa simu moja kwa moja. Zinapitisha data kwenye waya wa umeme mpaka kwenye kifaa cha kukusanyia pale transfoma, hicho kimoja ndicho chenye laini. Faida usiyoitaja ni hii: leo nguzo ikianguka usiku porini huko, ofisi haijui mpaka mtu apige simu. Na nyumba iliyochezea mita inaonekana mapema. Wanaolipa kihalali ndio wanaobeba umeme unaoibwa. Hayo tokeni yako haiwezi kuyafanya hata kidogo.

MLETA MADA

Ndugu fundi, asante. Kuhusu waya na transfoma uko sahihi, na habari ya nguzo kuanguka ni faida ya kweli, naipokea. Lakini njia ile ya data ikiwa mbili, ya kwenda na kurudi, mita inaweza pia kuzimwa kutoka mbali. Kosa likitokea kwenye kompyuta kuu, litafika kwenye nyumba nyingi kwa mkupuo. Leo kosa la huko linazuia manunuzi tu. Ndiyo maana nashikilia kwamba vitufe vibaki kwenye kila mita mpya, na sheria ya ununuzi wa mita iseme hivyo: uniti ziingie zenyewe, zikichelewa mteja apewe tarakimu zake 20 hapohapo kwenye meseji ya malipo. Asilazimike kupiga simu ya huduma kwa wateja na kusikiliza muziki.

MCHANGIAJI 3 (Uyole, mwalimu mstaafu)

Wanangu, nimewasoma. Mimi nina nyumba yenye wapangaji wanne na mita moja. Wanachangishana, mmoja ananunua, anawaonesha wenzake meseji yenye kiasi na tarakimu, anaingiza mbele yao. Ugomvi umepungua kwa sababu kila mtu anaona. Uniti zikiingia zenyewe bila kuonekana, watabishana nani kalipa na ngapi zimeingia. Fundi, hiyo mita yako inatoa risiti ya namna gani kwa wapangaji wanne?

MCHANGIAJI 2

Shikamoo mwalimu. Kioo cha mita kinaonesha uniti zilizopo na zilizoingia mara ya mwisho, ila ni kweli risiti inakwenda kwenye simu ya aliyelipa peke yake. Ukitaka kila mpangaji ajitegemee, dawa ni mita ndogo kila chumba, na hiyo gharama ni ya mwenye nyumba.

MCHANGIAJI 1

Mleta mada, vitufe vikibaki kama ulivyosema, na zikaingia zenyewe siku mtandao upo, mimi sina ugomvi tena na tokeni. Nauliza tu: hizo rimoti za zamani zilizomo majumbani, zenye vitufe vilivyofutika, nani atazibadilisha na kwa hela ya nani?

MLETA MADA

Rimoti yenyewe inaweza kubadilishwa bila kugusa mita iliyoko juu ya nguzo, mradi iwe ya aina inayoelewana na mita hiyo. Ni kifaa kidogo cha betri. Naona zibadilishwe kwa gharama ya shirika la umeme, na kuanzia kwa wazee, kabla ya mita janja ya kwanza kufungwa mtaa wowote wa Mbeya. Asiyekubali aje na hesabu yake hapa.